KAMERA NI JEMBE: SHAMBA NI LA NANI?

Ndugu zetu wafanyakazi warudipo jioni kutoka bandarini, viwandani na sokoni, hukuta mitaani jambo ambalo baba zao hawakulikuta. Vijana wanne au watano wamesimama uchochoroni. Mmoja ameshika shuka jeupe kulizuia jua. Wa pili amefunga kinasa sauti kwenye ufito wa mwanzi. Wa tatu, msichana, anarudia maneno yake kwa sauti ya chini kama mwanafunzi asubuhi ya mtihani. Na wa nne ameielekeza kwao simu ya mkononi, huku akiwaomba wapita njia wasimame kidogo. Wanapiga picha ya senema. Watu wazima hupita wakitabasamu, wakidhani ni mchezo wa watoto.

Sisi hatutabasamu. Twaona kwamba vijana hao wameshika chombo kikubwa, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa mikononi mwa wenye nguvu peke yao. Na kwa kuwa gazeti hili ni la Chama, na Chama ni cha wakulima na wafanyakazi, yatupasa kuuliza juu ya chombo hicho swali lile lile ambalo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituzoeza kuuliza juu ya ardhi, mabenki na viwanda: ni nani akimilikiye, na ni nani alaye matunda yake?

KAMERA YA BWANA

Zilipoanza kutengenezwa picha za senema kwa ajili ya Waafrika wa nchi hizi, Waafrika wenyewe hawakuulizwa neno. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza picha fupi 35 za kufundisha kilimo, afya na mengineyo. Wakazipakia katika lori na kuzizungusha vijijini katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Waafrika waliigiza ndani ya picha hizo, na wengine walisaidia kazi za mikono kituoni. Lakini hadithi, mpango na neno la mwisho vilikuwa vya bwana.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda idara ya senema kwa ajili ya makoloni yake, na wakuu wa idara hiyo walifundisha kwamba Mwafrika hawezi kuielewa picha iendayo upesi. Ati yafaa aonyeshwe jambo moja moja, polepole, pasipo mzunguko. Walisema hayo wakati ambapo watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakiyajaza majumba ya senema kutazama picha za Kihindi na za Kimarekani, wakitoka humo wakiimba nyimbo zake na kubishana juu ya hadithi zake mpaka usiku wa manane.

Upande wa Wafaransa mambo yalikuwa magumu zaidi. Sheria yao ya mwaka 1934 ilitaka kila apigaye picha za senema katika makoloni apate kwanza kibali cha serikali. Ndiyo maana mwaka 1955 Paulin Vieyra na wenzake, Waafrika waliosomea ufundi huo Ufaransa, walitengeneza picha yao juu ya maisha ya Waafrika wa mjini Paris. Hawakuruhusiwa kuitengeneza kwao. Fikiri, ndugu msomaji: mtu ana macho, ana ufundi, ana hadithi, lakini haruhusiwi kumpiga picha mama yake mzazi akitwanga mahindi uani.

Na hapa kwetu tusisahau kwamba marehemu Rashidi Kawawa, kabla hajaongoza vyama vya wafanyakazi na kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika picha za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 1950, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Wakati huo mtu wetu aliweza kuonekana mbele ya kamera. Kusimama nyuma yake lilikuwa jambo jingine.

KULI WA MARSEILLE

Mtu aliyevuka upande ule wa nyuma, nasi twapenda kila mfanyakazi amjue, ni Ousmane Sembène wa Senegali. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, mwana wa mvuvi. Shule hakuimaliza. Alifanya kazi ya uashi, akapelekwa vitani katika jeshi la Wafaransa, kisha akawa kuli katika bandari ya Marseille na mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Huko bandarini mgongo wake uliumizwa na kazi, na huko ndiko alikojifunza kuandika vitabu. Kitabu chake cha kwanza, juu ya kuli mweusi, kilitoka mwaka 1956. Na mwaka 1960 alitoa kingine juu ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger.

Vitabu vilisifiwa. Lakini Sembène aliporudi Afrika aliona jambo lililomchoma moyo: wale aliowaandika hawakuweza kumsoma. Vitabu vilikuwa kwa Kifaransa, na makuli wenzake, wafanyakazi wa reli na wake zao, wengi hawakujua kusoma. Basi, akiwa na umri karibu miaka 40, umri ambao wengi wetu twadhani siku za kujifunza zimekwisha, alikwenda Moscow mwaka 1962 kusomea senema. Tangu hapo alizoea kuiita senema shule ya jioni ya watu wake.

Mwaka 1963 alitoa picha iitwayo Borom Sarret, ya dakika 20 hivi tu. Ni hadithi ya siku moja ya mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Abiria wengine hawamlipi. Fedha kidogo aipatayo humpa msifu aliyeimba ukoo wake. Humbeba baba mwenye maiti ya mtoto, lakini mlango wa makaburini baba huyo hukataliwa kwa sababu ya karatasi. Mwishowe tajiri mmoja humshawishi ampeleke mtaa wa juu, wa wakubwa, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Askari huukamata mkokoteni, na tajiri hutoweka asilipe. Mtu wetu hurudi nyumbani mikono mitupu, na mkewe humwachia mtoto, akatoka akisema kwamba usiku huo watakula. Mtazamaji haambiwi chakula kitatoka wapi.

Picha hiyo haina sauti iliyonaswa pale barabarani. Maneno yaliwekwa baadaye. Haina taa za fahari wala waigizaji wa kulipwa sana. Lakini mpaka leo husomeshwa duniani kote kuwa mwanzo wa senema ya Mwafrika anayejisemea mwenyewe. Na mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, picha ndefu iliyosema Kiwolofu, ili asiyejua Kifaransa asikie kwa masikio yake bila mkalimani.

UZITO WA MKANDA

Vijana wa leo hawana budi kujua jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nzito, ili waithamini wepesi wa siku zao. Kabla ya kamera za kisasa picha iliandikwa juu ya mkanda. Mkanda wa milimita 16, ulioanza kuuzwa mwaka 1923 kwa ajili ya watu wa kawaida, ulikuwa ndio rahisi. Lakini robota la futi 400 lilikwisha kwa dakika 11 tu. Picha ya saa moja na nusu hula marobota zaidi ya manane hata kama kila tukio limepigwa mara moja tu pasipo kosa. Ukirudia kila tukio mara tano, kama ilivyo kawaida, umekula marobota 41. Kisha mkanda hausomeki mpaka uoshwe kwa dawa, na mahali pa kuoshea palikuwa mbali; watu wa Afrika ya Magharibi walipeleka mikanda yao Ufaransa, wakangoja majuma kadhaa kujua kama walichopiga kimetoka au kimeungua.

Kamera ndogo iliyopendwa na wengi, Bolex, ilitiwa ufunguo kama saa ya mezani, na ukiisha kuikaza ilizunguka kwa nusu dakika hivi, ikasimama. Fundi alilazimika kufikiri kwa nusu dakika nusu dakika. Sauti ilinaswa kwa chombo kingine. Na chombo kilichowaokoa wengi kilikuwa kinasa sauti cha Nagra, kilichobuniwa na Stefan Kudelski mwaka 1951, ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba begani.

Umaskini ulizaa werevu. Robert Rodriguez, kijana wa Texas mwenye asili ya Meksiko, alitaka kutengeneza picha na hakuwa na fedha. Alijitoa katika majaribio ya dawa hospitalini ili alipwe, akapata sehemu ya mtaji wake huko. Mwaka 1991 alivuka mpaka, akapiga picha iitwayo El Mariachi kwa dola 7,000 hivi. Kamera aliiazima. Alipotaka kamera itembee aliikalisha katika kiti cha magurudumu cha mgonjwa. Matukio mengi aliyapiga mara moja tu, maana mkanda wa kurudia haukuwapo. Kampuni kubwa ya Hollywood iliinunua picha hiyo na kuionyesha katika majumba.

Baadaye ukaja ukanda wa video, na Afrika ikaupokea kabla ya wakubwa kutambua. Mwaka 1992 huko Nigeria ilitoka Living in Bondage, iliyosema Kiigbo, ikapigwa kwa video na kuuzwa moja kwa moja katika kaseti, bila kupitia jumba lolote. Kutoka hapo ukazaliwa uchumi mzima unaolisha maelfu ya watu. Hapa kwetu tuliona mfano wake baada ya mwaka 2000, kaseti na sahani za picha za Kiswahili zilipojaa madukani, na majina ya waigizaji wetu yakajulikana mpaka Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki. Steven Kanumba alipofariki mwezi Aprili mwaka 2012, umati uliomzika ulionyesha wazi kwamba watu walimhesabu kuwa wao.

Huko Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana, mtu aliyewahi kufyatua matofali, alianza kutengeneza picha za mapigano pamoja na majirani zake. Silaha zao ni za mbao na mabomba. Winchi ya kamera imeundwa kwa vyuma chakavu. Picha yao ya mwaka 2010 iitwayo Who Killed Captain Alex? ilitengenezwa kwa fedha isiyofika dola 200, kama wenyewe wasemavyo, na imetazamwa na mamilioni duniani.

Hatimaye chombo kiliingia mfukoni. Mwaka 2008 kampuni ya Canon ilitoa kamera ya picha za kawaida, 5D Mark II, iliyoweza pia kupiga senema safi kwa bei ya chini mno kuliko mitambo ya zamani. Na mwaka 2015 Sean Baker wa Marekani alionyesha Tangerine, picha ndefu iliyopigwa yote kwa simu tatu aina ya iPhone 5s, kila moja ikiwa imefungwa lenzi ndogo ya nyongeza. Mwaka 2025 Baker huyo huyo alipata tuzo ya Oscar ya picha bora kwa kazi nyingine, Anora. Basi asiwepo kijana wa kutuambia kwamba anangoja kamera kubwa ndipo aanze.

CHOMBO SI UFUNDI

Lakini hapa twataka kusema nao kwa ukali kidogo, kama ndugu mkubwa asemavyo na mdogo wake. Jembe jepesi halilimi lenyewe. Picha nyingi tuonazo siku hizi zimepigwa kwa vyombo bora kuliko vile vya Sembène, na hata hivyo hazitazamiki. Kwa nini?

Kwanza ni mwanga. Kwa muda mrefu kampuni za mikanda zilipima rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi ambayo mafundi waliiita Shirley. Ngozi nyeusi haikuwamo katika hesabu, na watu wetu walitoka wakiwa macho na meno tu. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini bado hupenda kujipimia zenyewe. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera huupima ukuta, na uso huzama gizani. Fundi lazima aipime kwa uso, aukimbie ukuta mweupe, na aliepuke jua la saa sita, ambalo hutoboa mashimo meusi chini ya nyusi. Jua la asubuhi na la alasiri ni taa ya bure. Ubao uliopakwa chokaa huirudisha nuru usoni kwa bei ndogo. Na ndani ya nyumba, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kila sekunde, ni heri kuifunga kamera ifungue jicho lake kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. La sivyo picha itatetemeka kama mgonjwa wa homa.

Pili ni sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu, lakini asiposikia maneno huondoka. Simu iliyo mbali hunasa bodaboda, kuku na redio ya jirani kabla ya kunasa maneno ya mwigizaji. Kinasa sauti kidogo kilichofichwa kifuani chini ya nguo hufaa kuliko lenzi ya gharama. Na kabla ya kuondoka mahali pa kazi, wote wanyamaze kwa nusu dakika, kimya cha mahali hapo kinaswe. Kitahitajika siku ya kuunganisha.

Tatu ni kutunza. Wenzetu wa Wakaliga waliifuta nakala kuu ya picha yao ile mashuhuri ili wapate nafasi ya kutengeneza nyingine, kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja na imejaa. Hatuwacheki, ni ufukara uliowalazimisha. Lakini funzo ni kwamba kazi isiyo na nakala tatu, moja yake ikikaa nyumba nyingine, ni kazi inayongoja msiba. Hata serikali zimefikwa: Msumbiji, baada ya uhuru wake wa mwaka 1975, iliunda taasisi ya taifa ya senema na kupeleka habari za picha mpaka vijijini, lakini mwaka 1991 jengo la taasisi hiyo liliungua, na vyombo vingi vikateketea.

Nne, na kubwa kuliko zote, ni hadithi. Sembène alikuwa na mkokoteni mmoja na siku moja. Vijana wetu wengi huanza na jumba la ghorofa lililoazimwa, gari lililoazimwa na machozi ya kuazima. Mbona mpagazi wa Kariakoo hana picha yake? Mama lishe, je? Mwenye mashine ya kusaga? Adam Shafi aliwaandika makuli wa Unguja na vijana wa mapambano katika riwaya zake, na mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza Vuta N'kuvute kuwa picha ya senema, ikaonyeshwa Toronto na kwingineko. Hadithi tunazo, zimekaa kabatini.

JUMBA LIMEHAMIA MFUKONI

Sasa tutazame upande wa mtazamaji, maana naye amebadilika. Wazee wetu walikalia mikeka mbele ya gari la senema, picha ikitupwa juu ya shuka. Mijini walikwenda Avalon, Empire, Odeon na Cameo, wakivaa nguo za Jumapili. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata senema ya kutazamwa ukiwa ndani ya gari, na wasio na gari walikuwa wakienda pia. Televisheni ilifika Unguja mwaka 1973; Bara tuliingoja mpaka mwaka 1994. Katikati hapo kaseti za video zikaingia, na majumba makubwa yakaanza kukosa watu. Mengi yamekuwa maduka na maghala. Pale palipokuwa na senema ile ya magari leo pana ubalozi wa Marekani, na sehemu hiyo yaitwa Drive-In mpaka sasa ingawa hakuna picha ionyeshwayo.

Mnyonge hakukosa pa kwenda. Alijijengea vibanda umiza: mabati, mabenchi, televisheni moja na joto la tanuri. Humo walizuka wafasiri, kama Lufufu aliyevuma sana, ambao waliichukua picha ya Kichina au ya Kimarekani na kuisimulia kwa Kiswahili, wakiongeza mizaha na mafunzo yao. Wasomi walidharau. Sisi twasema kwamba wafasiri wale walifanya kazi ile ile aliyoifanya Sembène alipochagua Kiwolofu: waliwapa watu picha katika lugha yao.

Leo jumba limehamia mfukoni. Mfanyakazi hununua bando, akajifunika shuka, akatazama peke yake kipande cha dakika tatu mpaka usingizi umchukue. Picha husimama wima kama mlango, kwa sababu simu hushikwa hivyo. Hatusemi ni dhambi. Mlinzi wa usiku na yaya asiyetoka nyumbani sasa hutazama picha kama bwana mwenye nyumba. Lakini kuna kitu kimepotea. Watu 100 wacheapo pamoja juu ya jambo moja, au wanyamazapo pamoja, huanza kuzungumza watokapo nje. Na mazungumzo hayo ndiyo mwanzo wa siasa. Mtu aliyejifunika shuka peke yake hana wa kuzungumza naye.

MAVUNO YA NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu. Si muda mrefu kijana mmoja alifika ofisini petu na karatasi mbili zilizokunjwa mara nane. Alikuwa ametengeneza picha kwa muda wa miezi saba, akiuza pikipiki yake na kukopa kwa shangazi. Mfanyabiashara mmoja akaja, akamlipa jumla moja, ikatosha deni la shangazi na nauli za waigizaji. Kijana akatia sahihi. Tulipousoma mkataba ule tulikuta kwamba ameuza haki zote, kwa nchi zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, daima dumu. Picha yake sasa yaonyeshwa kila mwaka msimu wa sikukuu. Yeye huitazama kwa jirani.

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Kijana huyu alichumia juani, na mwingine anakula kivulini. Na wale waliokwenda kwenye mitandao wakidhani wamemkimbia mwenye duka wamemkuta mwenye duka mkubwa zaidi, aliye ng'ambo, apangaye malipo bila kuulizwa na abadilishaye masharti usiku mmoja.

Jambo hili si geni. Baada ya uhuru, nchi nyingi za Afrika ya Magharibi ziligundua kwamba wao wana wapiga picha, lakini majumba na biashara ya kusambaza vimo mikononi mwa kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA. Picha ya Mwafrika ilikosa ukuta wa kutupwa katika nchi yake mwenyewe. Mwaka 1970 Upper Volta, ambayo leo yaitwa Burkina Faso, iliyataifisha majumba yake ya senema. Kampuni zile ziligoma kuleta picha. Nchi ndogo na maskini ile haikurudi nyuma. Leo mji wa Ouagadougou ndio makao ya tamasha kuu la senema ya Afrika, lililoanza mwaka 1969. Kwa nini? Kwa sababu walifahamu mapema kwamba anayeshika kamera bila kushika mlango wa jumba ni mkulima asiye na soko.

Nasi wa Chama na Serikali tusijifiche nyuma ya maneno haya. Tulikuwa na Shirika la Filamu Tanzania tangu mwaka 1968. Lilikufa, na majumba yakafa, na hatukuweka kitu mahali pake. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini kijana wa uchochoroni hajui mlango wa kuigongea. Wakati wa kampeni tunawaita wasanii jukwaani, tunawavika fulana, na kura zikiisha kuhesabiwa hatuulizi walilipwaje. Vijana wengi hutuambia kwamba vibali na ada huwaogopesha kuliko ukosefu wa fedha. Ikiwa mkoloni alimzuia Mwafrika kupiga picha kwa kibali, ni aibu kwetu mtu wetu akizuiwa na kibali chetu. Ukaguzi una kazi yake. Usiwe ukuta wa maskini na mlango wa tajiri.

YATUPASAYO KUTENDA

Hatupendi kulia bila kutenda. Yako mambo yanayowezekana bila kungoja bajeti.

Watengeneza picha wajiunge katika vyama vya ushirika. Kamera moja, vinasa sauti viwili na kompyuta moja yaweza kutumiwa na vikundi kumi, kama trekta la kijiji. Na mfanyabiashara akija na karatasi, azungumze na watu 50 wenye mwanasheria, asizungumze na kijana mmoja mwenye deni. Mkataba utaje nchi gani, njia gani na miaka mingapi. Neno daima lifutwe.

Vyama vya wafanyakazi vimtambue mshika taa, mshika kinasa sauti na mpika chakula cha waigizaji kuwa wafanyakazi. Kazi ya saa 16 kwa ahadi ya umaarufu ni kazi ya saa 16 isiyolipwa.

Matawi ya Chama yana kumbi ambazo hulala kiza tangu mkutano mpaka mkutano. Zifunguliwe. Ukuta mweupe upo. Mashine ndogo ya kutupia picha na spika mbili si fedha ya kutisha tawi lenye wanachama 200. Kiingilio kiwe kidogo, na sehemu yake kubwa imwendee mwenye picha, mbele ya macho ya watu. Isionyeshwe picha ya kuwasifu viongozi tu. Hata ile inayotuuma ionyeshwe, kisha taa ziwashwe na watu waseme. Tukiogopa picha ya mtu mwenye mkokoteni, basi tumekwisha kuhamia mtaa ule wa juu ambako mkokoteni wake hauruhusiwi.

Na ninyi vijana wa uchochoroni, jifunzeni. Someni jua, sikilizeni sauti, wekeni nakala tatu, na kabla hamjatia sahihi tafuteni mtu wa kuwasomea. Mwenzenu alikuwa kuli mwenye mgongo mbovu, akaanza akiwa na umri wa miaka 40.

Jioni ya leo, ndugu mfanyakazi, ukiwakuta tena pale uchochoroni wakikuomba usimame kidogo, simama. Wakimaliza, waulize picha hiyo itaonyeshwa wapi, na nani atakayelipwa. Wasipokuwa na jibu, walete tawini.